Sikio Lililokatwa Aprili

Aliyekosa gazeti la Jumamosi iliyopita nimfupishie. Naitwa Ravdna, Msami wa Guovdageaidnu, kaskazini kabisa mwa Norwe, na mimi na mwenzangu Jovnna tuna ofisi ya ubunifu. Ni yetu wenyewe, watu wa hapa, na kazi yetu ni filamu na mabango ya kutetea mito, misitu na malisho. Niliishia pale tulipopewa kazi kubwa kuliko zote: kuutetea mlima wa Beaskevárri, wanakozalia kulungu wetu wa theluji, usijengwe minara ya umeme wa upepo. Nilidokeza pia kwamba kulungu wa somo yangu walikuwa wanapungua, na hakuna aliyejua wanakwenda wapi.

Sasa nisikilizeni nilivyokuja kujua.

Siku moja kabla ya kikao na watu wa serikali nilifika ofisini nikakuta mfuko wa mkate umening'inizwa kwenye kitasa cha mlango. Nikafurahi kijinga. Nilidhani jirani ameoka na kanikumbuka. Nikaingiza mkono.

Nilishika manyoya. Yalikuwa baridi na magumu pembeni. Nikavuta, nikatoa masikio mawili ya kulungu.

Nilisimama pale barafuni na masikio mkononi mpaka Jovnna alipokuja na vikombe viwili vya kahawa, akauliza kama ni mapambo ya kikao.

Msimcheke. Jovnna ni damu yetu, ila kazaliwa na kukulia Oslo, na lugha yetu amejifunza ukubwani. Kwa kuchora hana mpinzani. Lakini kwake sikio ni sikio tu. Sisi tuliokulia huku, sikio la kulungu tunalisoma, maana kila mwenye mifugo ana mikato yake, na ukiiona unajua mnyama ni wa nani. Ndiyo maana mwizi wa kulungu akishachinja huyakata masikio na kuyaficha. Ukimpelekea mtu masikio mlangoni kwake, umemwita mwizi bila kufungua mdomo.

Nilimweleza hayo. Akaweka vikombe chini taratibu.

"Labda ni watu wa kampuni ya upepo wanatutisha," akasema.

"Wale hawajui hata kulungu ana masikio mangapi."

Sikuthubutu kuyasoma; nikayarudisha mfukoni, nikaufungia mfuko kwenye friji ya ofisi, pembeni ya maziwa, nikajikaza kisabuni. Moyoni nilikuwa najiuliza jambo moja tu. Nimeiba nini mimi, nisiyechunga, ninayeshinda mbele ya kompyuta?

Mchana nikaenda dukani. Kwenye kioo cha mlango lilibandikwa bango letu. Lilikuwa limebandikwa kila mahali mjini: sikio moja la kulungu, kubwa, limekingama mbele ya theluji ya Beaskevárri, na chini yake maneno "Mlima Unasikia". Picha aliipiga mdogo wangu Heaika mwezi ule ule wa Aprili, huko kundini, kwa kamera yetu. Jovnna aliichagua kati ya nyingi. Mimi niliipitisha kwa sababu mwanga ulikuwa mzuri, na ukweli usemwe, sikuangalia kitu kingine zaidi ya mwanga.

Mbele yangu kwenye foleni alikuwa mchungaji mmoja wa kulungu, mtu wa makamo. Akageuka, akanitazama, kisha akalitazama bango.

"Bango zuri," akasema. "Na sikio lenyewe zuri. Aliyelikata ana mkono mwepesi."

Nikatabasamu, nikamshukuru. Hakutabasamu. Na watu wote kwenye foleni wakawa wanasoma maandishi ya kwenye pakiti zao za unga. Msichana wa kaunta tumesoma naye darasa moja, na siku zote hunishika kwa umbea mpaka walio nyuma wanakohoa. Siku hiyo alinipa risiti bila kuinua macho.

Nikatoka, nikasimama mbele ya kile kioo. Ndipo nikalisoma sikio lile kwa mara ya kwanza.

Kwanza niliona kigaga. Kwenye ncha ya sikio palikuwa na mstari mwembamba mwekundu, kidonda kilichoanza kukauka. Ndama wetu hukatwa masikio kiangazi, na mpaka theluji inaanguka wameshapona. Hakuna mtu anayekata sikio mwezi wa Aprili. Kulungu jike aliyekomaa, mwenye kidonda kibichi sikioni mwezi wa Aprili, ni kulungu aliyebadilishiwa mwenye mali. Ni mali ya wizi.

Kisha nikaisoma alama.

Ilikuwa alama yangu.

Hapa inabidi niwaeleze habari ya Somo. Nilipobatizwa nilipewa jina la mama mmoja wa kundi letu la familia zinazochunga pamoja, Ravdna mkubwa, na tangu siku hiyo mimi na yeye tukawa masomo. Hatujawahi kuitana kwa jina. Kwetu mtoto akibatizwa hupewa kulungu wa kuanzia maisha, na alama yake. Somo, kwa mapenzi yake, alinipa alama iliyotokana na ya kwake. Mikato ni ile ile, ila mimi nimeongezewa mmoja, kwenye ncha.

Kwa hiyo kumgeuza kulungu wa Somo awe wangu ni kazi ya kisu kimoja, pigo moja. Na pigo hilo ndilo lililokuwa linang'aa mjini kote, kwa jina la ofisi yangu, na watu walikuwa wanalisoma wakiwa wanakwenda kununua maziwa.

Nikakaa kwenye ngazi ya duka. Kuogopa polisi kulikuja baadaye. Pale nilimwogopa Somo, mjane mwenye kundi dogo, aliyenibeba kanisani siku ya ubatizo. Nilimwona akisimama mbele ya bango akisoma kwamba mtoto aliyempa jina lake ndiye anayemwibia.

Nikampigia Jovnna ayatoe mabango yote.

"Yote?" akasema. "Bosi, la kwenye ukumbi wa kikao limejaa ukuta mzima. Limefungwa kwa vyuma. Na picha imeshakwenda magazetini."

Nikamwambia sikio lile linasema nini.

"Na mimi ndiye niliyesema tuikuze," akasema. Sauti ilikuwa ya mtu mgonjwa.

Nikawasha gari, nikaenda kwa Heaika. Yeye ndiye anayechunga kundi la nyumba yetu tangu baba alipofariki, wakiwemo na wa kwangu. Nilimkuta kwenye zizi la nje ya mji anatengeneza pikipiki ya theluji. Aliponiona nimeshuka bila kofia akajua. Akaweka spana chini, akaanza kujifuta mikono, akajifuta tena, na mikono ilikuwa tayari safi.

"Nani alimkata yule jike?" nikamuuliza.

Alianza kusema hajui, kwamba kundi limechanganyika, kwamba picha hudanganya. Nikamwacha amalize. Halafu nikarudia swali.

"Wa kwako wamekwisha, dada," akasema.

Sikumwelewa. Akanikumbusha majira yale mvua iliponyesha katikati ya baridi, ikaganda, malisho yakafungwa chini ya barafu. Kulungu walikuwa wanakwangua mpaka kwato zinatoka damu, hawafikii kitu. Waliokufa wengi walikuwa wa kwangu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuuliza."

"Nani anauliza?"

Na hapo ndipo tulipofikia, mimi na ndugu yangu, tukitazamana kama wajinga. Kwetu humuulizi mtu ana kulungu wangapi. Ni aibu, ni kumchungulia mfukoni. Hata ndugu kwa ndugu hatuulizani. Miaka yote hiyo nilikuwa nauliza "kundi halijambo?" naye anajibu "halijambo", tunakunywa kahawa, narudi ofisini nimeridhika. Kwa adabu hiyo hiyo sikujua kwamba sina hata mmoja.

Heaika akasema aliogopa. Kikaoni wenye haki ya kusema ni wenye mifugo, na mimi kila nilikopita nilijitangaza mwenye mifugo, kwenye mabango, kwenye filamu, mbele ya wafadhili. Ikijulikana sina mnyama, nitachekwa, na ofisi itachekwa. Basi akaanza kunijazia. Alichukua kwa Somo kwa sababu alama zilikuwa karibu.

"Nilikuwa nakutunzia jina," akasema.

"Jina gani, Heaika? Umeniita mwizi mbele ya mji mzima."

"Sikujua kama mtalichagua lile. Nilipiga picha nyingi."

Nilitaka kumpiga. Yeye akavua koti lake akanivika. Ndiye mtoto niliyemfunga viatu mpaka alipoanza shule. Akaniomba nimvumilie mpaka kikao kipite. Familia za kundi letu zikionekana zinagombana mbele ya watu wa serikali, kampuni itasema hatuna umoja, na mlima utakwenda. Kikao kikiisha tu, atakwenda mwenyewe kwa Somo, atarudisha wanyama, ataubeba mzigo wote peke yake.

"Naapa kwa kaburi la baba," akasema. "Wewe usimwambie mtu."

Nikakubali. Nikapanda gari. Na kabla sijafika njia panda nikajua siwezi.

Nilimkuta Somo jikoni anakata nyama kavu. Hakushtuka kuniona, akanisogezea kiti kwa mguu. Mezani, pembeni ya kibao chake, palikuwa na mifuko ya mkate iliyokunjwa vizuri, anayotumia kufungia nyama. Mifuko ile ile.

Nilikuwa nimeshinda siku nzima nikiogopa jitu fulani lenye hasira lililokuja mlangoni kwangu, kumbe ni huyu bibi mfupi mwenye aproni ya maua.

"Nilidhani ungefika kabla kahawa ya asubuhi haijapoa," akasema.

"Somo, kwa nini hukuja ukaniambia?"

"Nilikuja. Mlango umefungwa. Nikaacha salamu."

Akanimiminia kahawa, akatumbukiza jibini ndani yake ninavyopenda. Akaniambia masikio yale yalikuwa ya kulungu wake, alama haijaguswa. Mbwa wake aliyafukua nyuma ya zizi la nyumba yetu. Huyo alikuwa ameliwa. Lakini yule wa bangoni yu hai, akasema, na anamjua, maana alimnyonyesha kwa chupa mwenyewe.

Halafu akasukuma nyama mbele yangu.

"Kata ule. Kisu chako kiko wapi?"

Sikuwa na kisu. Niliacha kukivaa kiunoni tangu nilipoanza kuvaa kadi ya ofisi shingoni. Akanitazama kiunoni, kisha usoni.

"Ulijua?" akauliza.

"Sikujua, Somo. Nimejua leo, dukani."

"Na aliyekata?"

Hapo nikanyamaza. Sikumtaja Heaika. Lakini nyumba yetu anayeshika kisu na kundi ni mmoja, na kunyamaza kwangu kulimtaja. Somo alitikisa kichwa kidogo, akaendelea kukata nyama. Alikata nyembamba sana, moja baada ya nyingine, na mimi nikawa natazama kisu kile kinavyokwenda.

Nikamsihi. Nikamwambia habari ya kikao, kwamba kesho tusiyatoe nje ya ndani mbele ya wageni, kwamba mlima...

"Nimezalisha kulungu pale kabla mama yako hajaolewa," akanikatiza. "Usinifundishe mlima."

Hakusema atafanya nini. Hakusema kama ananiamini. Nilipoaga alinifungia nyama kwenye mfuko wa mkate, nikaupokea kwa mikono miwili.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Wazee kwa vijana walikuwa wamevaa mavazi yetu ya buluu yenye mistari myekundu, hata wale ambao hawavai mpaka harusi. Watu wa serikali walikaa kwenye meza ndefu mbele. Pembeni yao alikaa wakili wa kampuni na kalamu yake. Na nyuma yangu, ukuta mzima, lilikuwa lile sikio. Kile kigaga kilikuwa kirefu kuliko mkono wangu.

Somo alikaa safu ya mbele. Heaika alisimama nyuma, karibu na mlango.

Nilisema niliyoandaa. Nasikia nilisema vizuri. Mimi sikumbuki hata neno. Nakumbuka tu jasho likinishuka mgongoni chini ya sufu, na Jovnna kwenye kona ananionyesha dole gumba huku uso wake mweupe kama karatasi.

Mwenyekiti wa kikao alikuwa mama mmoja wa Oslo, mpole, wa kutabasamu. Alisema amevutiwa na bango. Akaniuliza, kwa nia njema kabisa, kama ni kweli kwamba sisi tukitazama sikio tunaweza kumjua mwenye mnyama.

"Ni kweli," nikasema.

"Ajabu. Na huyu ni wa nani?"

Mkalimani akatafsiri. Ukumbi mzima haukuwa na haja ya tafsiri.

Ndipo Somo akasimama. Alifanya hivyo polepole, akiegemea kiti cha mbele yake.

"Mwacheni somo yangu alisome," akasema. "Alisome lote. Kwa sauti."

Nikageuka kulitazama lile sikio. Nilihisi macho ya ndugu yangu kisogoni. Nikaanza na mkato wa chini, kama tulivyofundishwa utotoni. Nikaja wa nyuma. Nikautaja kila mmoja kwa jina lake, na sauti yangu ilikuwa ndogo kiasi kwamba mwenyekiti alijiinamisha mbele. Mpaka hapo lilikuwa sikio la Somo. Nikafika kwenye ncha.

"Na huu wa mwisho ni wa kwangu," nikasema.

"Umekatwa lini, somo?" akauliza.

Nikisema kiangazi, nitakuwa nimedanganya mbele ya ukumbi wa watu wanaoona kidonda. Nikisema kweli, nimemuuza mdogo wangu, na pengine mlima pamoja naye. Nilimtafuta Heaika kwa macho. Akatikisa kichwa mara moja, taratibu. Nikamtazama Somo. Alikuwa amesimama tu, anangoja, na midomo yake ilikuwa inacheza, nikaelewa kwamba na yeye anaogopa.

"Mwezi huu," nikasema.

Mkalimani alitafsiri. Mwenyekiti hakuelewa kwa nini watu wameinamisha vichwa, lakini wakili wa kampuni alikuwa ameanza kuandika.

"Aprili hatukati," mzee mmoja akasema, bila kumwambia mtu yeyote.

Heaika alinitazama, kisha akamtazama Somo aliyekuwa bado amesimama, na nikaona anavyotupanga mimi na yeye upande mmoja. Akajua nilikwenda kwa Somo. Akajua nilivunja ahadi kabla siku haijaisha. Akaondoka pale mlangoni, akaja mbele kati ya viti, kofia mkononi, kijana mwenye adabu kama alivyolelewa. Nilidhani anakuja kuubeba mzigo wake. Namshukuru Mungu, nikawaza, amekua.

Alisimama karibu na Somo, akamwinamia kidogo.

"Mama, mimi ni mchungaji tu," akasema kwa upole. "Wale kulungu ni wa dada. Mwenye alama ndiye aliyeniambia nikate."

Watu wote ukumbini wakanigeukia. Somo alikuwa wa mwisho kugeuka.